Jinsi ya kuchagua vifaa vya kujifunzia chesi bila kujaza simu

Mtu akinogewa na chesi, jambo la kwanza analofanya ni kukusanya. Muda si mrefu simu imejaa PDF, chaneli za YouTube na programu tatu za mafumbo, na bado anagawa farasi bure mwendo wa tisa. Nafundisha vijana chesi baada ya masomo, na wengi wanaoniuliza "mwalimu, nisome kitabu gani?" vitabu wanavyo tele. Nami huwauliza: unafungwa kwa sababu gani? Jibu la hapo ndilo linalochagua kitabu.

Hatua ya 1: Pitia gemu ulizofungwa

Ingia kwenye akaunti yako ya Lichess au Chess.com, zile tovuti za kuchezea chesi, tafuta gemu 20 za mwisho ulizofungwa. Chukua zile za dakika kumi au zaidi. Za dakika moja moja ni mbio za vidole tu. Kisha kwenye daftari, kila gemu iandikie sababu moja: niligawa kete bure, sikuona chekimeti, nilikuwa sawa lakini sikujua nifanye nini, nilikuwa juu nikashindwa kumaliza, muda uliniishia.

Hesabu. Ukiwa na reitingi (namba inayopima uwezo wako) chini ya 1200, nakuhakikishia karibu zote zitaangukia sababu mbili za kwanza. Basi kitabu kinene cha ufunguzi, yaani miendo ya mwanzo wa gemu, ulichopakua wiki iliyopita kipumzike.

Hatua ya 2: Chagua mafumbo kabla ya kitabu

Anayegawa kete anahitaji macho, na macho yanafunzwa kwa mafumbo. Hapa sioni sababu ya kutoa hela. Lichess ni ya bure kabisa, haina matangazo, na mafumbo yake yametolewa kwenye gemu halisi za watu. Unaweza kuchagua aina: farasi anayeshika kete mbili kwa mpigo, kete iliyobanwa mbele ya mfalme wake, chekimeti ya mstari wa mwisho. Programu yake ya simu pia huhifadhi mafumbo, kwa hiyo bando likikata ukiwa kwenye daladala unaendelea. Chess.com ni nzuri, lakini akaunti ya bure inakupa mafumbo machache kwa siku.

Kiwango kinachokufaa ni kile unachopata saba au nane kwenye kumi. Ukipata yote, unajifurahisha. Ukipata matatu, unabahatisha. Na usiguse kete mpaka umeona mpaka mwisho, pamoja na jibu baya kuliko yote ambalo mpinzani anaweza kukupa. Mafumbo matano kwa namna hiyo ni bora kuliko hamsini ya kubonyeza-bonyeza.

Anayependa karatasi atafute kitabu cha mafumbo cha László Polgár, yule baba wa mabinti watatu wa Hungaria waliovuma kwenye chesi. Kina mafumbo, michanganyiko na gemu 5334, na kinaanza na chekimeti za mwendo mmoja. Ni kizito kama tofali, lakini hakihitaji umeme wala Kiingereza kingi.

Hatua ya 3: Kitabu kimoja, na ukijaribu kwanza

Fungua katikati, soma kurasa mbili bila ubao. Ukielewa maneno lakini miendo inakuchanganya, kitabu ni chako; utakisoma ubao ukiwa mbele yako. Usipoelewa hata maneno, kiache kwanza. Ukielewa kila kitu bila kukunja uso, kimeshakupita.

Kisha angalia kama kinaeleza *kwa nini*. Mimi hutumia kipimo hiki. Mfalme mweupe yuko d6 (herufi ni safu ya wima, namba ni mstari ukihesabu kutoka kwa mweupe), askari wake e6, na ni zamu ya mweupe. Mfalme mweusi akiwa e8, mweupe anasogeza askari e7, mweusi hana pa kwenda ila f7, mfalme mweupe anaingia d7 na askari anakuwa malkia. Lakini mfalme mweusi akiwa d8, askari akienda e7 anapiga cheki, mweusi anarudi e8, na sasa ama mweupe anamwacha askari aliwe, ama anakwenda e6 na mweusi anakosa pa kusogea ilhali hayuko kwenye cheki. Sare. Tofauti ni nyumba moja tu. Kitabu kizuri kitakuambia kuwa katika hali hii askari anayeingia mstari wa saba bila kupiga cheki ndiye anayeshinda, kisha kikuonyeshe sababu. Kibaya kitaandika "mweupe anashinda" na kugeuza ukurasa.

Cha kuanzia, na cha bure, ni *Chess Fundamentals* cha José Raúl Capablanca, Mkuba aliyekuwa bingwa wa dunia kuanzia 1921 hadi 1927. Kilitoka 1921 na kinapatikana Project Gutenberg, maktaba ya bure ya mtandaoni. Kinaanza na chekimeti rahisi na mwisho wa gemu, mpangilio ninaoupenda sana. Shida yake ni uandishi wa zamani: P-K4 kwa mweupe ni askari kwenda e4, kwa mweusi ni e5, maana kila upande unahesabu mistari kutoka kwake. FIDE, shirikisho la chesi la dunia, iliacha kuutambua uandishi huo mwaka 1981, lakini vitabu vya mtumba vya barabarani Dar au Nairobi bado vimejaa P-K4. Kagua kabla ya kulipa.

Hatua ya 4: Video kwa kipimo

Video zinakula bando na zinakupa hisia kwamba umejifunza. Chagua mwalimu mmoja anayesimamisha gemu na kukuuliza ungecheza nini. Nawe simamisha kweli, andika jibu lako.

Zikimbie zile za "mtego wa kushinda kwa miendo minne". Malkia h5, askofu c4, chekimeti f7: mpinzani akishajua kusogeza askari g6 na kisha farasi f6, malkia wako anazurura huku kete zake zimeshatoka nyumbani.

Hatua ya 5: Injini ije mwisho

Injini ni programu ya kompyuta inayochambua gemu; Stockfish ni mojawapo, na inapatikana bure ndani ya Lichess. Baada ya gemu, kwanza iandike mwenyewe: wapi niliogopa, wapi sikuelewa. Halafu ndipo uwashe injini. Kuna sehemu ya kujifunza kutokana na makosa yako, inakurudisha pale ulipokosea na kukutaka utafute mwendo bora. Itumie hiyo, kusoma namba za +1.3 na -0.8 za injini, zinazosema nani yuko juu, peke yake hakukufundishi kitu.

Hatua ya 6: Ufunguzi, kidogo tu

Mmoja kwa mweupe, mmoja dhidi ya e4, mmoja dhidi ya d4. Kwa mweupe nawapa vijana wangu ufunguzi wa Kiitalia: e4, farasi f3, askofu c4, kisha mfalme ajifiche upande wake. Huna haja ya kununua kozi ya saa ishirini kwa hilo. Cheza, ukikwama mwendo wa sita fungua hifadhi ya funguzi ya Lichess uone wengine walifanya nini hapo, andika mwendo mmoja kwenye daftari, rudi ubaoni.