Vitundu vya Kutolea Maji Kwenye Milango ya Gari
Maji ya mvua yanayopenya pembeni mwa kioo huteremka ndani ya mlango na kutokea kwenye vitundu vilivyo katika ukingo wake wa chini, ambavyo kwa gari linalopanda kila siku barabara za vumbi za vilima vya Mwanza huziba upesi kwa tope lililokauka. Fungua mlango, pitisha kidole chini ya ukingo huo hadi uvipate, kisha uvizibue kwa kijiti cha plastiki (msumari hukwangua rangi na kuleta kutu) na umwagie kioo maji kidogo ukitazama kama yanatoka. Ukisikia maji yakicheza ndani ya mlango unapofunga breki, usingoje. Ukiegesha chini ya mwembe, ondoa pia majani yaliyojikusanya chini ya waipa, kwa kuwa njia ya maji ikiziba hapo, zulia la mbele linaweza kuloa.