Chupa nne, dawa moja: kwa nini kantangaze hafi

Mama mmoja mkulima wa nyanya huku Ilula alinipangia chupa nne juu ya ndoo iliyogeuzwa. "Bwana shamba, nimebadilisha dawa mara nne na kantangaze bado anakula. Wananiuzia feki?" Kantangaze ni yule nondo mdogo ambaye viwavi wake hula nyanya wakiwa ndani ya majani. Nikaziinua moja moja. Majina manne, rangi nne, bei nne. Nikageuza nyuma, kwenye maandishi madogo ambayo wengi wetu hatuyasomi: mbili ni lambda-cyhalothrin, moja cypermethrin, moja deltamethrin. Zote ni za kundi 3A, yaani zinamuua mdudu kwa njia ileile. Nikamwambia, "Mama, hujabadilisha dawa hata mara moja. Umebadilisha chupa."

Sikumcheka, kwa sababu kosa hilo naliona kila msimu, tena kwa wakulima wazoefu. Kulima nyanya mnajua, sina la kuwafundisha hapo. Leo nataka hili moja tu.

Mnasema "wadudu wamezoea dawa". Mdudu hazoei dawa. Aliyekufa amekufa, na aliyepona alizaliwa na uwezo wa kupona. Jike mmoja wa kantangaze anaweza kutaga hadi mayai 260. Katika wadudu wengi hivyo shambani, wachache tayari wana miili inayoweza kuivunja sumu uliyonunua, au isiyoshikwa nayo. Ukipiga, wanaoshikwa na sumu wanakufa, hao wachache wanabaki peke yao na kuoana wao kwa wao. Ukirudia sumu ya aina ileile kwa watoto wao, unawachambua tena. Baada ya vizazi vichache umejifugia kantangaze wa kwako, na umemlipia gharama ya kumfuga.

Mdudu huyu ana historia hiyo. Kwao ni Amerika Kusini. Aliingia Hispania mwaka 2006, na Kenya na Tanzania alionekana mwaka 2014. Kule alikotangulia, Brazili na Italia kwa mfano, ameshazishinda hata dawa za kundi 28 ambazo hapa bado tunazinunua kwa bei ya juu tukidhani ndiyo mwisho wa habari.

Sasa makundi. Majina nayaandika kama yalivyochapwa kwenye lebo ili uyalinganishe herufi kwa herufi. Kundi 3A: lambda-cyhalothrin, cypermethrin, deltamethrin. Kundi 1B: profenofos, chlorpyrifos. Kundi 6: abamectin na emamectin benzoate (hizi mbili wengi mnazipokezanisha mkidhani mnabadilisha, hapana). Kundi 5: spinosad, spinetoram. Kundi 28: chlorantraniliprole, flubendiamide. Kundi 22A: indoxacarb. Kundi 11A: Bacillus thuringiensis, ile ya bakteria. Muuza pembejeo akikwambia "hii ni kali kuliko ile", usimuulize ukali. Muulize kundi. Asipojua, geuza chupa usome mwenyewe.

Kubadilisha kunafuata umri wa kizazi cha mdudu, na hapa ndipo hata wanaojua makundi wanapopotea. Wanabadilisha kila wiki: Jumatatu hii kundi 28, ijayo kundi 6, inayofuata kundi 5. Kwa mtindo huo kizazi kimoja kinaonja dawa zote, na cha pili vilevile, na cha tatu. Inavyotakiwa ni kundi moja kwa kizazi kimoja, kisha kizazi kinachofuata kikutane na kundi jingine kabisa. Kwenye joto la nyuzi 27 kizazi kinakamilika kwa siku 24 hivi. Kwenye nyuzi 20 ni siku 40. Kwenye nyuzi 14, siku 76. Kwa miezi ya joto hesabu siku 30 kwa kila kundi, na ukishaliacha usilirudie kabla ya siku 60, yaani vizazi viwili. Wakati wa baridi ongeza siku. Ndani ya hizo siku 30 unaweza kupiga kundi hilo zaidi ya mara moja, ila usizidishe idadi ya mara iliyoandikwa kwenye lebo.

Hesabu inaanza siku ya dawa ya kwanza, kitaluni ikiwemo. Nimekuta mtu amemwagilia miche kundi 28, akapandikiza, wiki mbili mbele akaanza "upya" na mpango mpya. Mpango upi? Alishaanza zamani.

Kipimo nacho. Acheni kifuniko cha chupa, jamani. Nilipima vifuniko viwili kwa bomba la sindano: kimoja kilibeba mililita 7, kingine 12. Lebo nyingi zimeandikwa kwa lita 20, na mabomba yenu mengi ya kupulizia ni ya lita 16. Lebo ikisema mililita 10 kwa lita 20, bomba la lita 16 linataka mililita 8. Ukipunguza, wale wenye uvumilivu wa nusu nusu wanapona na kuzaa. Ukizidisha ili "kuwakomesha", sugu hafi kwa hilo, ila anayekula nyanya atayala mabaki ya sumu yako. Nunua bomba la sindano la mililita 10 duka la dawa, liwekee alama, lisitumike kwa kitu kingine.

Piga jioni jua likishalala, maana nondo wake hutoka magharibi na alfajiri, na elekeza ncha ya bomba chini ya majani, huko mayai yaliko mengi. Kiwavi mdogo akishaingia katikati ya ngozi mbili za jani, dawa nyingi hazimfikii. Shika jani lenye baka jeupe ulielekeze juani: utamwona ndani, wa kijani, na mstari mweusi nyuma ya kichwa, anatafuna hana habari na wewe.

Kundi 3A lina ubaya mwingine. Linaua buibui na wale kunguni wadogo wa kijani wanaofyonza mayai ya kantangaze, na kantangaze sugu anabaki na shamba lisilo na adui. Wiki mbili baadaye utitiri mwekundu unafumuka, kwa sababu walaji wake nao wamekufa, na unarudi dukani kununua chupa ya tano. Ndiyo maana kwenye siku 30 zako za kwanza napendekeza uanze na 11A, viwavi wakiwa wachanga. Haiwagusi hao marafiki.

Majani mapya yakitoka bila mabaka kwa wiki mbili, mpango unafanya kazi.

Lakini nondo hajui mpaka wa shamba. Ukiwa kwenye kundi 5 na jirani yako bado ana chupa nne za 3A, sugu wake ni wako kesho jioni, na mnavu na biringanya zilizoko kwenye mpaka ndiyo daraja lao. Kaeni pamoja, mtaa mzima wa nyanya, mwandike kwenye daftari moja tarehe ya kuanza na namba ya kundi. Yule mama nimemwachia kazi ya kulishika. Chupa zake zilikuwa bado zina dawa, akaniuliza azifanyeje. Nimemwambia azifungie stoo mbali na watoto, na kwenye nyanya msimu huu asizifungue.