Kabla hamjapanda mti hata mmoja mtaani kwenu

Mtaa wetu uko bondeni hapa hapa Mbeya mjini, nyumba zimeshuka mpaka jirani na mto. Mwaka juzi mwezi wa tano ililetwa miche kenta nzima, tukapanda, picha zikapigwa, wageni wakaondoka. Mwezi wa tano jamani, mvua ndo zinaaga! Kufika Agosti jua na mbuzi walishamaliza kazi, vimebaki vijiti. Sasa mvua za Novemba zinakaribia na najua mitaa mingi inajipanga, ndo maana naandika.

Anzeni na watu, miche baadaye. Tembeeni kando ya mto asubuhi na mwenyekiti wa mtaa muone nani anaishi kwa hayo maji, wamama wa matuta ya chainizi na figiri, vijana wanaoosha bodaboda, wote waitwe kikaoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka kwenye mto, na mradi ukija bila maongezi wa kwanza kuondolewa ni yule mama wa matuta mawili, wakati gereji ya kule juu inayoachia oili chafu mtoni kila jioni haiguswi, hilo sisi tumeliona kwa macho na linauma mpaka leo. Sheria hiyo hiyo kifungu cha 4 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama, kisomeni kwa sauti mkutanoni, kiingie kwenye muhtasari.

Wapangaji nao waje. Mtaa ukipendeza kodi inapanda, na aliyebeba maji ya kumwagilia ndo anahamishwa, kwahiyo ongeeni na wenye nyumba mapema, sio miti ikishakua.

Taka pia. Kama gari haliingii vichochoroni basi mto ndo dampo lenu, na mti hautasaidia kitu, tafuteni kwanza mkokoteni na sehemu moja ya kukusanyia.

Miche yenyewe, milingoti, yaani mikaratusi, msiipeleke karibu na maji, inakunywa sana. Kingo za mto wekeni mianzi, kwenye miteremko mabingobingo yanashika udongo vizuri, na hapa sio pa kupuuzia maana Aprili 2024 tope lilishuka toka mlima Kawetere likafukia nyumba za watu Itezi, hapa hapa Mbeya. Uani miparachichi, watu wanatunza kitu wanachokula. Mashimo chimbeni Oktoba, futi mbili kwenda chini, samadi ndani, mpande mvua ikishakolea Desemba, na kila mti uandikiwe kaya ya kuumwagilia kuanzia Juni.

Hela ya kitalu ipo njia, mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu, ila kikundi lazima kisajiliwe, muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata sasa hivi maana makaratasi yanachukua muda.

Sisi Jumamosi tumeanza kuchimba. Shimo la tatu bibi mmoja akatoka na ungo mkononi, akasema wanangu hapo ndo naanikaga mahindi, sogezeni hatua mbili. Tukafukia, tukachimba pembeni, na huo mti kauchukua yeye.