Bangili za waya wa mitego: tunavyozitengeneza Kasigau

Waya wa kwanza wa mtego wa majangili niliokabidhiwa ulikuwa bado na manyoya ya digidigi yamenasa penye fundo. Niliuosha mara tatu kabla sijaukata. Ukianza kazi hii kando ya hifadhi ya Tsavo, hapa Kenya, jua unashika nini.

Usiende porini kuokota mitego mwenyewe. Ukikutwa nayo utajieleza vipi? Sisi huletewa na askari wa doria, na tunaandikishana: tarehe, eneo, idadi. Daftari hilo ndilo linalotuwezesha kumtazama mteja usoni tukisema waya huu ulitoka porini.

Waya wa mtego ukiwa wa kebo, una nyuzi nyingi zilizosokotwa. Vaa glavu na miwani, maana ncha hufyatuka, kisha ifungue kebo kwa plaizi mbili kinyume na msokoto wake. Uzi mgumu upashe kwenye jiko la mkaa mpaka uwe mwekundu, uuache upoe wenyewe majivuni. Ukiutumbukiza majini ungali mwekundu, utakatika ukiukunja. Ule wenye zinki, wa kijivu kama bati, usiuchome kabisa: moshi wake ni sumu. Baada ya moto, loweka kwenye siki usiku kucha, sugua kwa msasa laini, suuza, kausha pale pale na upake mafuta kidogo. Ukichelewa, kutu inarudi upesi.

Mimi hukata sentimita 21: kama 17 za kuzunguka mkono, zilizobaki za kitanzi na ndoano. Lainisha ncha kwa tupa, pitisha ubavu wa kidole chako, ikikukwaruza, haijaisha. Zungushia kwenye chupa nyembamba kuliko mkono, kwa sababu chuma hukunjuka.

Shanga, nunua za kioo, zile ndogo za Ucheki. Zinalingana, na rangi haipauki upesi. Tuliwahi kutumia za plastiki kwa kubana pesa. Jua likaigeuza nyekundu kuwa waridi, bangili 60 zikarudishwa. Iliniuma sana, kina mama tunaotengeneza nao walikuwa wamekesha. Na usitie mwiba wa nungu, jino wala unyoya, hata ukiuokota njiani. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 inakataza kuwa navyo bila kibali, na bangili ya kuwatetea wanyama haiwezi kuvaa kiungo cha mnyama.

Bei igawe kabla hujauza. Yetu ni shilingi 800: 400 za aliyetengeneza, 100 za vifaa, 300 za mfuko wa elimu. Andika hivyo kwenye kadi ya bangili. Mfuko huo hununua vitabu na kukodi basi la kuwapeleka watoto mbugani. Wengi wao walikuwa wakimjua ndovu wa usiku tu, yule anayevamia mahindi. Siku moja ya safari hiyo walimkuta mchana, anamwagia mwanawe maji, basi zima likanyamaza.

Daftari la hesabu liweke mezani kando ya shanga. Mteja akiuliza, mpe alifungue mwenyewe.