Somo: Kuandika hadithi ya vijana wapelelezi bila kuwafanya waganga

Miswada mingi ya aina hii hufia mahali pamoja: mtoto wa miaka 15 anamtazama mtu mara moja, tayari anajua ndiye mwizi. Hiyo ni ramli. Kipaji kwenye hadithi ni mazoea ambayo wengine hawana, na msomaji ayaone kabla hayajatumika. Tufanye mfano wa Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, kwenye mashamba ya mwani.

Hatua ya 1: Anzia mwisho

Jiandikie mwenyewe kwanza nani kafanya, lini na vipi. Hapa kwetu sanduku la kikundi cha kuweka na kukopa limekutwa tupu asubuhi. Lina makufuli matatu, funguo wanashika akina mama watatu, na hakuna kufuli lililoguswa. Mmoja wao, Bi Tatu, haonekani, na kijiji kimeshamhukumu. Kumbe jana yake saa kumi alasiri, watu wakiwa harusini, karani wa mnunuzi wa mwani alifungua skrubu za bawaba kwa nyuma.

Hatua ya 2: Gawa vipaji, na upungufu wake

Mize, binti wa mkulima wa mwani, anajua maji kama wewe unavyojua njia ya chooni gizani. Ila mdomo wake hauna breki, na siri inamtoka mbele ya karani mwenyewe. Haji anajifunza useremala. Ataona skrubu yenye mkwaruzo mpya. Wawili wanatosha. Watano utakuwa unaandika timu ya mpira.

Hatua ya 3: Ficha dokezo mbele ya macho

Hapa ndipo penye kazi. Sura ya kwanza Mize anasimulia hivi (bamvu ni siku za mwezi mpevu au mwandamo, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida):

"Mwezi ulikuwa mpevu. Mama aliniamsha kwa kelele: maji ya bamvu hayamngoji mtu, saa nne yamekupwa mpaka mwambani, tukichelewa yanatujia juu."

Msomaji anadhani anasoma habari za mama mkali. Sura ya sita, karani anajitetea kuhusu siku hiyohiyo: "Saa kumi alasiri nilikuwa shambani nahesabu vigingi." Kutoka kupwa mpaka kujaa hupita muda wa kama saa sita, kwa hiyo yaliyopwa saa nne asubuhi hujaa saa kumi. Saa kumi vigingi vyote vilikuwa chini ya bahari; labda alihesabu akiogelea. Usimweleze msomaji. Mwache Mize anyamaze, kwa mara ya kwanza kwenye kitabu kizima.

Hatua ya 4: Watu wazima

Vijana wasifunge mtu pingu. Wapeleke ushahidi kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa huko Zanzibar, naye asiwaamini mara ya kwanza.

Maswali ya wanachama

Swali: Simu moja tu si inamaliza hadithi? Mize ampigie Bi Tatu.

Jibu: Apige. Hila ya chaji kuisha imechosha. Simu iite, na mlio usikike ndani ya ghala la mwani, chini ya magunia.

Swali: Wanafunzi wangu wa kidato cha pili wanataka damu.

Jibu: Ua ukitaka, lakini aliyekufa awe mtu tuliyemzoea, siyo maiti ya kuanzia sura tu. Mimi Bi Tatu ningemwacha hai. Alimwona karani, kwa hiyo kila ukurasa una saa inayohesabu.

Swali: Msomaji wa Mbeya hajui bamvu. Si namwonea?

Jibu: Utamwonea ukieleza siku ya kumkamata mwizi. Mama alalamike mara mbili, na mara moja Mize akute maji kiunoni alasiri. Baada ya hapo asipogundua, kosa lake.

Swali: Karani akipata shahidi?

Jibu: Mpe mtalii. Daftari lake linasema karani alionekana shambani saa 4:00, na polisi wanasoma "4 jioni" ya Kizungu, yaani saa kumi alasiri. Ila mtalii hakuwa na saa mkononi. Alimuuliza mtoto ufukweni, akajibiwa "saa nne", yaani ya asubuhi, akaandika 4.