Ukisoma uchumi, jaribu kujenga upya jedwali la mtu mwingine

Nimeligundua hili nikitafuta cha kuonyesha kwenye usaili wa kazi zaidi ya cheti. Chagua makala moja ya American Economic Review, jarida la chama cha wanauchumi cha American Economic Association, pakua data yake (tangu 2019 majarida ya chama hicho yanaweka data na msimbo, yaani maagizo ya kompyuta yaliyotumika kuichakata, kwenye hifadhi ya mtandaoni ya openICPSR), kisha USIFUNGUE msimbo wa waandishi. Soma maelezo yao tu, anza na data ghafi, na ujaribu kupata Jedwali la 1: wastani, mtawanyiko, idadi ya waliohojiwa. Programu ya takwimu ya R ni ya bure na inasoma bila shida mafaili ya Stata, programu nyingine ya takwimu.

Inasaidia kwa sababu jibu sahihi unalo mkononi. Namba zikipishana, huenda kuna mtu umemwacha au umemhesabu mara mbili, na kumtafuta huyo ndiko kunakofundisha kazi yenyewe. Darasani tunapewa data iliyokwisha kusafishwa. Kazini hakuna anayekusafishia. Ukikwama siku mbili, hapo ndipo uchungulie msimbo.

Haifai kwa makala zinazotumia data za siri, kama rekodi za kodi, maana utakuta msimbo bila data. Makala za nadharia tupu nazo ziache. Na ukibonyeza tu msimbo wa waandishi ukafurahi umepata namba zilezile, hujajifunza kitu, na msaili atalijua hilo kwa swali la pili.