Kugawa shamba kwa miraba: barabara itangulie

Anayetoka mji wa Lamu, ambako vichochoro vimefuata kuta za nyumba, akafika Mpeketoni, makazi ya wakulima upande wa bara wa Kaunti ya Lamu, huitambua mara moja kazi ya mpimaji: mashamba yamepangwa safusafu na njia zimenyooka. Mwongozo huu ni wa mwenye shamba anayetaka kuwagawia wanawe, achore mpango wa awali kabla ya kumwita mpimaji mwenye leseni, kwa kuwa huyo ndiye anayeweza kusimika mawe ya mpaka yanayotambulika kisheria.

Hatua ya 1. Chukua nakala ya ramani ya usajili katika ofisi ya ardhi, kisha fyeka kingo hadi ulione kila jiwe. Usiyatafute kwa simu pekee. Ramani nyingi za zamani za Kenya zilipimwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kutaja mahali kwa namba, ilhali simu hutumia mfumo mwingine, WGS 84, na hapa kwetu tofauti ya mifumo hiyo hukaribia mita 300. Niliwahi kuziingiza namba za ramani simuni bila kuzigeuza, nikaanza kufyeka katikati ya mikorosho ya watu. Mwenyewe akaniuliza kwa upole kama nimekuja kuvuna.

Hatua ya 2. Kagua pembe. Kutoka kwenye jiwe, pima mita 30 upande mmoja na mita 40 upande wa pili. Kamba ya mshazari ikitimia mita 50, pembe ni mraba.

Hatua ya 3. Toa barabara kabla ya kutoa ploti yoyote. Hapa ndipo familia nyingi hukosea: hugawa ardhi yote, kisha aliye nyuma akaomba njia kwa nduguye kila mavuno. Tuseme shamba lina mita 200 kwa 200, yaani hekta 4. Barabara ya mita 9 ikipita katikati itakula mita za mraba 1,800, na kila upande utabaki na upana wa mita 95.5. Ukikata kila mita 50 utapata ploti 8, kila moja ikiwa na mita za mraba 4,775, ambazo ni ekari 1 na ushei, na zote zinagusa barabara. Marekani, iliyoanza kupima ardhi yake kwa miraba kwa sheria ya 1785, ilikata vipande vya maili moja kwa maili moja, vya ekari 640, na barabara nyingi za mashambani zikaja kufuata mistari hiyo, hata palipo na kilima.

Hatua ya 4. Kwa hiyo usiuamini mraba kuliko ardhi. Tembea shambani baada ya mvua ya masika. Maji yakisimama kwenye mstari wa barabara, usogeze. Hesabu pia minazi, kwani pwani mnazi huweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwingine, na mstari wako hauufuti umiliki huo.

Hatua ya 5. Pigilia vigingi vya muda, wote wakubaliane mbele ya majirani, ombeni kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, kisha mwiteni mpimaji.